Sauti ya Kitwitwi Kinamasini

Siku ya kwanza nilipoingia Maktaba ya Sauti, Mhandisi Mkuu hakunikaribisha wala hakuniuliza ninakaa wapi. Alinivisha hedifoni, akawasha mashine, akasimama mbele yangu mikono nyuma. Ukanda ulipokwisha akaniuliza nimesikia nini. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha skuli kwamba nimesikia ndege mmoja akiimba, mvua ikinyesha juu ya majani, na karibu kabisa na maikrofoni kuna mtu anajizuia kukohoa.

"Ndege kila mtu humsikia," akasema. "Wewe nakuweka kwa ajili ya huyo wa kukohoa."

Ndivyo nilivyoanza kazi iliyonichukua ujana wangu wote na sehemu kubwa ya utu uzima wangu.

Nilikuwa msichana wa Unguja, sijakaa London muda mrefu. Nyumbani nilikuwa nimeanza kujifunza ufundi katika chumba cha kanda cha redio. Yakaja Mapinduzi, ukoo wetu ukatawanyika, huyu Dar es Salaam, huyu Maskati, na mimi na mama yangu tukaishia kwa kaka yangu Hounslow, karibu na kiwanja cha ndege. Kwa kuanzia nilifunga biskuti kiwandani. Kisha kaka akaniletea gazeti lenye tangazo kwamba taasisi moja ya elimu ya viumbe inataka fundi wa kanda. Halikusema kwamba kanda zenyewe ni za sauti za ndege. Lingesema, huenda ningeona haya kuomba, maana kwetu nani alipata kulipwa mshahara kwa kusikiliza ndege?

Vitendea kazi vya zama zile sasa vimewekwa makumbusho, kwa hiyo nitawaeleza ninyi vijana kidogo. Ukanda ulikuwa utepe wa rangi ya kahawia, umeviringwa kwenye gurudumu lenye ukubwa wa sahani. Mrekodi akirudi kutoka porini alituletea magurudumu yake, na kazi yetu ilikuwa kuondoa upepo, magari, mbwa na mazungumzo, tukambakisha ndege. Tulikata kwa wembe, tukaunga kwa gundi. Na hukati wima. Ukikata wima, sauti mbili hugongana na sikio hushtuka. Unakata mshazari, ili sauti moja iingie ndani ya nyingine taratibu, na msikilizaji asijue kwamba umepita hapo na wembe.

Mhandisi Mkuu alikuwa mtu mfupi mwenye vidole vinene ambavyo, vikishika wembe, vilikuwa vyepesi kama vya mshona kofia. Hakusifu mtu. Kazi ikiwa mbaya alikurudishia bila kusema neno, na ikiwa nzuri hakurudisha. Mwaka wa kwanza nilirudishiwa karibu kila kitu. Baadaye nikaanza kukaa wiki nzima bila kumwona mlangoni kwangu, na hapo nikajua kwamba nimekuwa fundi. Kwa miaka mingi nilijua ndege wa Ulaya kwa masikio tu. Wapo niliowatambua kwa nusu ya mlio kabla sijapata kuona hata unyoya wao.

Mhandisi Mkuu alipostaafu, Msimamizi wa Safari akanihamishia kwenye kurekodi nje. Nilifanya mazoezi kwenye mabwawa ya maji yaliyo magharibi ya Hounslow, na yeyote anayekaa kule anajua maana yake. Ndege za abiria zilipita juu ya vichwa vyetu moja baada ya nyingine. Nilijifunza kurekodi katika upenyo, ngurumo moja ikiwa imekwisha na ya pili haijafika. Nilijifunza pia kubeba dishi, yaani bakuli pana la bati ambalo maikrofoni hukaa ndani yake ikitazama katikati. Bakuli hukusanya sauti ya mbali na kuimwaga yote kwenye maikrofoni, ila ukilielekeza pembeni kidogo tu unarudi nyumbani na upepo.

Mama hakuipenda kazi ile. Aliniuliza kama nimevuka nchi zote hizi ili nije kulala porini na bakuli. Mume wangu, Salim, aliyekuwa mpakia mizigo kiwanjani, alinitetea kwa kumwambia kwamba yeye hushinda anasikiliza injini, basi angalau mmoja wetu asikilize kitu kizuri.

Sasa niseme habari ya kinamasi, maana ndiyo niliyokusudia tangu mwanzo.

Katika miaka ya themanini, makampuni ya misitu yalikuwa yakinunua vinamasi vya kaskazini kabisa ya Uskochi ili yalime na kupanda misonobari. Kinamasi cha kule si tope la kawaida. Ni majani mororo yanayoshika maji kama sifongo, yamerundikana juu ya majani ya kale ambayo hayakuoza sawasawa, tabaka juu ya tabaka, mpaka chini kabisa kumekuwa na mboji nyeusi inayoweza kukaushwa na kukokewa moto. Trekta lilichimba mifereji, maji yakatoka, na ardhi iliyojengeka tangu zama za kale ikafa. Kinamasi kimoja kilikuwa kikingoja uamuzi wa serikali. Wachungaji wa pale walisema kuna ndege wageni wanaozaa humo, ndege ambao makao yao ni misitu na mabwawa ya Ufini na Urusi. Wataalamu walikwenda mara mbili na darubini, wakakuta ukungu.

Mkuu wa Utafiti akaniita ofisini kwake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyezunguka na maneno. Alinieleza kwamba darubini haipenyi ukungu lakini sauti hupenya, na kwamba anayemtaka ni kitwitwi mmoja wa madoadoa, mwenye nyusi nyeupe na miguu ya rangi ya nyasi kavu. Akanionyesha picha yake, nami nikacheka, akataka kujua kwa nini. Nikamwambia kwamba huyu namjua. Kila mwaka alikuja kwetu Unguja kwenye mabonde ya mpunga, akatembea kwenye maji mafupi akitikisa mkia, na sisi watoto tulimfukuza. Tulimwita kitwitwi tu, kama tulivyowaita wenzake wote. Hakuna aliyewahi kuona yai lake. Mpunga ukikaribia kuvunwa alikuwa keshaondoka.

"Huko anakokwenda," akasema Mkuu wa Utafiti, "ndiko ninakokutuma."

Nilipewa mwenzangu mmoja, mpima ramani wa taasisi, Jayanti. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa Kisumu, akaletwa London na wazazi wake, wakafungua duka la viungo Kingsbury. Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya, changu cha Unguja, na tulipokuwa peke yetu hatukuhitaji lugha nyingine. Mimi nilimwita Jayanti bhai, yaani kaka Jayanti, yeye akaniita dada Rukia. Ndani ya gari alipakia chapati za mkewe, achari ya ndimu na chupa za chai, kwa kuwa hali nyama na hakuwa na imani na jikoni za Uskochi.

Tulipanga kwa mjane mmoja mfugaji wa kondoo, nyumba ya mwisho kabla barabara haijaisha. Yeye ndiye aliyetufundisha kutembea. Alitwambia tufuate rangi, kwamba palipo na wekundu pana mizizi ya kutuzuia, na palipo na kijani kinachong'aa hapana chini. Siku ya kwanza nilikwenda nimeinama kama mtu aliyepoteza sindano. Kila hatua ardhi ilitikisika, na dimbwi lililo mbele yangu likatikisika pia. Upepo ukitulia walitoka visubi, wadudu wadogo kuliko punje ya ufuta, wakaingia machoni na masikioni chini ya hedifoni. Upepo ukirudi waliondoka, lakini na sauti zote zikaondoka nao. Basi mrekodi wa kinamasini anachagua kuumwa.

Kwa swala, Jayanti alinipimia kibla kwa dira yake ya kazi. Kila tulipohama mahali aliipima upya bila kuombwa, akaniwekea kijiti kuonyesha upande, kisha akenda mbali kidogo akajishughulisha na ramani.

Tuliwapata ndege wengi. Tulipata wale wenye mgongo wa dhahabu wanaopiga mluzi wa huzuni, na ndege wa ziwani mwenye koo jekundu anayelia kama mtoto aliyeamshwa. Kitwitwi wetu hatukumpata. Ukungu ulikaa siku baada ya siku. Upande wa mashariki, palipokwisha kuruhusiwa, trekta la kampuni lilifanya kazi kutwa, na ngurumo yake ilisafiri juu ya maji mpaka kwenye dishi langu. Mwishowe Mkuu wa Utafiti akapiga simu nyumbani kwa mjane, akasema fedha za safari zimekwisha na msimu unakwisha, turudi London. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kukubali.

Nilitoka nje nikakaa ukingoni mwa ukuta wa mawe. Jayanti akaja na chai.

"Dada Rukia," akasema, "nikuulize kitu. Huko kwenu kwenye mpunga, huyu ndege mlikuwa mnamwona wapi? Katikati ya maji?"

"Hapana. Pembeni. Palipo na maji mafupi na majani ya kujificha."

"Na sisi tumekaa wiki hizi zote kwenye madimbwi makubwa, kwa sababu ndiyo yaliyo kwenye ramani." Akaikunjua ramani juu ya goti. "Mimi ndiye niliyeyachagua. Lakini kule karibu na trekta nimeona vijidimbwi vidogo na vichaka, sikuvichora hata kimoja."

Nikampigia simu Mkuu wa Utafiti, nikamwomba siku moja zaidi. Akasema kwamba simu ya mjane huwa mbovu, na kwamba yeye hajanipata mpaka kesho jioni.

Asubuhi tulielekea mashariki. Ukungu ulikuwa umeanza kukatika. Tulipofika kwenye vichaka niliinua mkono tusimame, nikavaa hedifoni, nikazungusha dishi polepole. Ngurumo ya trekta ilijaza masikio yangu yote mawili. Lakini chini yake, kama uzi mwembamba ndani ya gunia, kulikuwa na kitu kinachopigapiga: chip, chip, chip, chip.

Sikuweza kurekodi chochote na injini ile. Nikavua hedifoni, nikamwachia Jayanti dishi, nikatembea kumfuata dereva. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyekundu. Akaona mwanamke aliyejifunga mtandio, ana tope mpaka mapajani, anakuja kutoka kusikokaliwa na mtu, akasimamisha trekta. Nilimweleza mimi ni nani na ninatafuta nini. Nilimwambia kweli pia, kwamba nikikipata, huenda kazi yake ikasimamishwa. Sikutaka kumhadaa mtu anayelisha watoto wake.

Akafikiri. Akaniuliza kama ndege mwenyewe ndiye yule anayemtukana kila asubuhi kutoka juu ya kichaka. Nikasema nadhani ndiye.

"Kulima ni kazi ya kampuni," akasema. "Lakini wakati wa chai ni wangu."

Akazima injini.

Vijana wangu, mimi nimesikia kimya kingi katika maisha yangu ya kazi, lakini kimya kile sijakisikia tena. Kwanza zilikuja nyasi. Kisha maji. Kisha kitwitwi, wazi kabisa, amesimama juu ya ncha ya kichaka, mkia ukitikisika vilevile kama kwetu mpungani, akilia bila kupumzika. Nikarudi kwa Jayanti, nikashika dishi, nikawasha mashine. Mwenzake akapaa kutoka upande wa pili, akazunguka juu yetu kwa mabawa yanayotetemeka, akaimba ule wimbo ambao nilikuwa nimeuunga kwa wembe mara nyingi kutoka kanda za Ufini, na ambao Unguja hajapata kuuimba hata mara moja. Wimbo wa kwao. Machozi yalinitoka na sikuweza kuyafuta, maana mikono yote miwili ilishika dishi.

Jayanti alinigusa bega, akaonyesha chini kwa kidevu. Kwenye majani, karibu na maji, vifaranga walikuwa wakitembea, kila mmoja kama kijifundo cha sufi chenye miguu mirefu. Nikashusha dishi, nikachukua na milio yao pia, mpaka gurudumu likajaa.

Dereva alikuwa amekuja nyuma yetu na kikombe chake. Nikampa hedifoni. Alisikiliza mpaka chai ikapoa. Alirudi kwenye trekta, akaligeuza, akaenda kulima mwisho wa pili wa shamba, mbali na vichaka.

Baraza la kuamua habari ya kinamasi lilikaa London. Mkuu wa Utafiti alisema kwamba aliyesikia ndiye atakayesema, kwa hiyo nikapelekwa mimi. Salim aliomba ruhusa kazini akaja kukaa nyuma. Hata mama alikuja, amevaa baibui lake la Idi.

Wakili wa kampuni alikuwa mtu mwenye adabu na aliuliza swali la haki. Alisema hakatai kwamba ndege yule alikuwa pale. Lakini ndege huyu ni msafiri, anasimama popote apumzike. Vifaranga hawamo kwenye picha yoyote, na milio midogo inaweza kuwa ya ndege mwingine. Baraza litajuaje kwamba pale ni kwake na si kituo cha njiani?

Nikaomba nipige kanda mbili. Ya kwanza ilikuwa imerekodiwa zamani na mtu mwingine katika mashamba ya mpunga ya Afrika Mashariki. Ndege anashtuliwa, analia mara chache kwa haraka, chif-if-if, na sauti inafifia kwa kuwa keshakimbia. Ya pili ilikuwa yangu. Nikaiacha iende mpaka watu wakaanza kutazamana, maana kitwitwi yule alilia, akalia, akalia, na sauti haikusogea.

"Ndege huyu nimemfukuza utotoni mwangu," nikawaambia. "Kwetu ni mgeni. Ukimkaribia, anakuachia mahali pako na kwenda zake. Huyu wa pili tulikuwa watu watatu na trekta, na hakuondoka. Anayekataa kuondoka ana kitu cha kulinda. Mahali pale si kituo chake cha njiani. Kituo cha njiani ni kwetu Unguja."

Mwenyekiti wa baraza akaomba ukanda wangu upigwe tena tangu mwanzo. Ukapigwa. Wakili akasema hana swali jingine, na akaketi.

Uamuzi ulitoka baada ya miezi. Sehemu iliyokwisha kulimwa haikurudi, na mpaka leo misonobari imesimama pale kwa safu. Lakini vijidimbwi, vichaka na kinamasi chote kilichobaki upande wa magharibi vilihifadhiwa. Jayanti alitumwa kuchora mpaka. Alinipigia simu kutoka kwa mjane kunieleza kwamba dereva wa ndevu nyekundu ameajiriwa na wahifadhi, analiendesha trekta lilelile, na safari hii anafukia mifereji. Niliposimulia nyumbani, mama alitikisa kichwa, akasema kumbe bakuli lina faida. Tangu siku ile akawa anawaeleza wageni wake wote kwamba mwanawe amekwenda barazani London kumsemea ndege wa Unguja. Nilimsahihisha kwamba si wa Unguja. Hakunisikiliza.

Baada ya hapo nilipanda kuwa Mrekodi Mkuu. Nilifika Ufini, nikafika Norwe, nikakanyaga vinamasi ambavyo wenyeji wao hawavipendi. Nilifundisha wengi. Kanda zikaondoka, zikaja kaseti, kisha mashine zisizo na kitu chochote kinachozunguka. Wengine wa rika langu walinung'unika. Mimi sikunung'unika, maana mgongo wangu unajua uzito wa mashine za kale.

Safari yangu ya mwisho nilikwenda na aliyechukua nafasi yangu, mwanamke Mkenya wa Mombasa aliyesoma mambo ya sauti chuo kikuu. Yeye hashiki dishi. Anaacha kinamasini kisanduku kidogo kama mche wa sabuni, nacho hurekodi chenyewe msimu mzima, mvua na jua, bila kuumwa na visubi. Kisha kompyuta inatafuta ndege ndani ya sauti zote zile. Ni kazi nzuri, na inapata ambayo sisi tusingeyapata.

Aliniuliza, kwa heshima, kisanduku cha kwanza kiwekwe wapi. Nilitembea peke yangu kidogo, nikasimama, nikasikiliza. Nikachagua mahali. Akataka kunisaidia kupigilia kigingi cha kukifungia, nikakataa, nikakipigilia mwenyewe mpaka kikashika. Akawasha kisanduku, taa yake ndogo ikawaka, naye akanionyesha kwa ishara kwamba sasa tusiseme kitu, kimeanza kusikiliza.

Sasa nimestaafu, niko Hounslow, na ndege za abiria zinapita juu ya paa kama zamani. Watu huniuliza kama masikio yangu yamechoka. Hayajachoka. Wanaponiuliza nilifanya kazi gani, zamani nilikuwa nikisema fundi wa sauti, kwa kuwa ni rahisi kueleza. Siku hizi nasema kweli yote: nilisikiliza mahali ambapo watu walidhani hapana kitu, kisha nikarudi kuwaambia nani anakaa pale.